Inchi Mbili

Chumba cha Mwisho,
Nyumba yenye Geti la Bluu,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro.

Jumatano, 11 Juni

Mpendwa dada yangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na watoto, zikukute umekaa, umekula, na kile kikohozi kimekusahau. Ukinijibu kwamba hujambo nitafurahi, na ukinijibu kwamba hujambo kidogo nitakuombea mpaka iwe kabisa. Mimi ni mzima. Mume wangu ni mzima. Unaona, bado nikiandika "mume wangu" kalamu inasimama kidogo, inatabasamu, kisha inaendelea. Leo ni wiki ya tisa tangu uliponifunga mkanda wa gauni la harusi ukaniambia nisivute pumzi mpaka picha ziishe.

Univumilie nikwambie machache juu yake, maana hapa majirani wamechoka kunisikiliza. Kibanda chake cha saa ni kipana kama kabati, kimebanwa kati ya duka la dawa na duka la viatu. Nikimpelekea chai ananitazama kwanza kwa ile lenzi yake ya jicho moja, kisha anaivua, anasema alitaka kuhakikisha hakuna kilichopungua tangu asubuhi. Wateja wanacheka, mimi naona haya, na kesho yake napeleka chai tena. Kila siku kabla hajaenda kazini anaitia mafuta cherehani yangu, tone moja hapa, tone moja pale, kwa kijiti cha kutengenezea saa. Wanawake wengine wanaletewa maua. Mimi natiliwa mafuta ya mashine, na sibadilishani na mtu.

Chumba chetu ni kimoja. Kitanda kimegusa ukuta, cherehani iko dirishani, meza ya kukatia ndiyo meza ya kulia. Tukitaka kupishana, mmoja lazima apande kitandani. Mpaka sasa hatujachoka kupishana.

Barua yako niliipata Jumanne ya wiki iliyopita. Nimeisoma mara nne. Unasema umefika mwisho, unataka kuacha mikate. Jiko la pipa linaunguza upande wa kushoto, wapangaji wanalalamikia moshi, paa linavuja juu ya gunia la unga, na shemeji anakushauri uache kwanza, usubiri mpaka mpate jiko la maana na chumba cha maana. Ukaniuliza ufanye nini, eti mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne. Dada, cheti changu kiko chini ya godoro na hakijawahi kujibu swali la namna hiyo.

Ningekujibu siku ile ile, tena kwa maneno matamu. Lakini siku ile ile ndiyo niliyoitwa mwizi, na mtu aliyeitwa mwizi asubuhi hana maneno matamu jioni. Acha nikueleze, kisha nitarudi kwenye mikate yako.

Unaikumbuka futi yangu ya kupimia, ile niliyopewa na bibi aliyenifundisha kushona, tuliyemwita Bibi Mkasi. Mwanzo wake uliungua kwa pasi miaka mingi kabla sijamjua, inchi mbili zikapotea, ikawa inaanzia kwenye namba mbili. Tulikuwa wasichana sita kwa futi hiyo moja. Ukipima kiuno ikasoma thelathini na mbili, ujue ni thelathini. "Soma, toa mbili," Bibi Mkasi alikuwa akituambia, na aliyesahau alipigwa kofi dogo la mkono. Baada ya mwaka mmoja hakuna aliyekuwa akisahau. Tulikuwa tunatoa mbili kama mtu anavyopepesa macho. Aliponiaga alinipa futi ile mimi, nikajiona nimerithi nyumba.

Sasa tulipotimiza mwezi wa ndoa, mume wangu akaja na kikopo kidogo cha bati, cha mviringo. Ndani mna futi mpya, ya manjano, inachomoza ukivuta na kurudi yenyewe ukibonyeza. Alisema tangu siku ya kwanza ilimuuma kuona mke wa fundi saa anapima watu kwa futi kilema. "Kipimo ni heshima," akasema. Ile ya zamani alikuwa ameshaitupa asubuhi hiyo kwenye gari la taka, ili nisiwe na huruma nayo. Nililia kwa furaha. Nilimpima kifua, shingo, mkono, nikapima mpaka sikio lake. Tulicheka mpaka wifi yangu anayekaa chumba cha pili akagonga ukuta.

Kesho yake nikaenda zahanati. Nilikuwa nimepata kazi ya sare za wahudumu kumi na wanne, kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata tangu nianze. Matroni mwenyewe alileta kitambaa, kijani kibichi, jora zima. Niliwapima wote siku moja kwenye varanda, nikiandika kwenye daftari, nikiivuta futi yangu ya manjano kwa madaha ili kila mtu aione. Nikarudi nyumbani, nikakata magauni yote kumi na manne kwa rula yangu ya mbao, kama siku zote, maana futi ni ya kupimia watu tu. Nikashona wiki tatu nzima. Dada, nilishona vizuri. Hilo nitalisema mpaka kaburini. Mishono ile ilikuwa imenyooka kama mistari ya daftari.

Jumanne nikayapeleka. Matroni akawa wa kwanza kujaribu. Zipu ikapanda mpaka kiunoni, ikagoma.

"Fundi," akasema, "hili gauni ulimpima nani?"

"Wewe, matroni."

"Mimi yupi? Yule wa kabla ya watoto watatu?"

Wote wakacheka, nami nikacheka. Akajaribu wa pili, mhudumu wa chumba cha sindano, mwembamba tu. Likabana. Wa tatu likamfika juu ya magoti. Kufika wa tano hakuna aliyekuwa akicheka. Matroni akakaa kwenye benchi la wagonjwa, gauni bado liko wazi mgongoni, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, na afadhali angefoka, "Kitambaa nilikuletea kamili, nikaongeza. Magauni yote yamebana. Umekula kitambaa, fundi."

Wewe mwokaji unaweza kuambiwa mkate wako mdogo, ukaongeza unga kesho, yakaisha. Fundi akiambiwa amekula kitambaa, hana cha kuongeza. Ni neno linalotangulia kufika kila nyumba kabla yake. Kwanza mafundi wenyewe tumelisababisha, maana wapo wanaokula kweli, wanavalisha watoto wao kwa vitambaa vya watu. Nilisimama pale na mkasi wangu kwenye mkoba, nikiwa sijui kilichotokea. Nilijua tu sikula.

Nikarudi na magauni yangu. Nikafumua moja, nikalipima kwa rula ile ile, nikalinganisha na daftari. Gauni na daftari vilikubaliana sawasawa. Nikafumua la pili. Sawasawa. Nikadhani nimerukwa na akili. Mwisho nikajizungushia futi kiunoni mwenyewe, tu kwa kukosa la kufanya. Ikasoma ishirini na nane. Na mdomo wangu, bila kuniomba ruhusa, ukasema, "Ishirini na sita."

Nilikaa sakafuni, dada. Nilikuwa nimewatolea wale wanawake wote inchi mbili mbili, kifua, kiuno, nyonga, urefu, kila mahali, kwa futi isiyokuwa na upungufu wowote. Ukifumua mishono yote ya pembeni unapata inchi moja, nayo kwa kudra. Na dukani kitambaa cha rangi ile kimekwisha, muuzaji hajui kitaletwa lini wala kama kitaletwa.

Siku mbili sikumwambia mume wangu. Ningemwambiaje? Zawadi yake ya kwanza. Nilisema tu magauni yamebana, matroni ananisingizia. Yeye akachukia kwa niaba yangu, akawa anawaeleza wateja wake kwamba mkewe ameonewa, anapanga kwenda zahanati kumshukia matroni. Kila alipozidi kunitetea ndivyo nilivyozidi kunywea. Alhamisi alipokuja kula mchana nikaona kesho huyu atakwenda kupigana vita vya uongo. Nikamwambia yote, yeye ameketi kitandani na sahani mapajani.

Kwanza alicheka. Kisha akaacha. Akaomba nimpe futi, akaivuta, akaiangalia mwanzo wake kwa muda mrefu kama saa iliyokataa kutengenezeka.

"Kuna mama aliniletea saa," akasema. "Ilikuwa inakwenda mbele dakika kumi. Nikaitengeneza ikawa safi. Wiki nzima akachelewa kazini, akarudi kunitukana mbele ya watu."

"Ukamfanyaje?"

"Nikamrudishia dakika zake kumi."

Akanyoosha mkono, akachukua mkasi wangu mezani. Akashika mwanzo wa futi ile ya manjano, ile aliyoninunulia mwenyewe, akaniuliza kwa upole, "Nikate hizi mbili?"

Sijui niliwahi kumpenda mtu hivyo. Nilicheka, nikalia, vyote pamoja, na sahani ikamwagika kitandani. Nikamwambia hapana, aurudishe mkasi wangu, wa kujifunza kuhesabu upya ni mimi. Wifi alikuwa amesikia yote kupitia ukuta, akaja akasimama mlangoni. "Basi tusimsingizie fundi," akasema. "Mapenzi ndiyo yamekula kitambaa." Kwao ni watu wa mzaha. Lakini mzaha huo siwezi kwenda nao kwa matroni.

Mume wangu akataka twende wote akashuhudie. Nikakataa. Fundi anayekuja na mumewe wataona amekuja na wakili, tena wakili aliyenunua futi. Nilichofanya nilichukua gunia la mabaki. Namshukuru Bibi Mkasi, alitufundisha tusitupe hata kipande mpaka mteja avae nguo yake aondoke. Ijumaa asubuhi mimi na wifi tukalibeba gunia na yale magauni mpaka zahanati.

Nikapiga magoti kwenye varanda. Nikatandaza gauni moja sakafuni, nikaanza kupanga mabaki yake pembeni, kipande kwa kipande, pale mkasi ulipopita, mpaka upana wa jora ukatimia. Kisha gauni la pili. Wahudumu wakasimama kunizunguka. Wagonjwa waliokuwa benchini wakainua miguu nipate nafasi. Nilikuwa nazungumza wakati wote, nikieleza habari ya futi iliyoungua na namba mbili, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia inavyofanana na hadithi ya kutunga. Hata mimi nisingejiamini. Lakini kitambaa kilikuwa pale chini, chote, hakuna kilichopungua hata cha kushonea leso. Nilipofika gauni la sita matroni akasema inatosha.

Nikamwambia naweza kuunga vipande ubavuni, kwa ustadi, visionekane sana.

"Sare ni sare, fundi. Hatuwezi kuhudumia wagonjwa na viraka."

Akainama, akaokota kipande kimoja, akakikunja, akawageukia wenzake. "Basi, msikie wote. Huyu si mwizi," akasema. Nikaanza kupumua. "Ni fundi mbaya."

Akaniambia niyaache magauni pale, watatafuta mtu mwingine wa kuangalia kama kuna cha kuokoa. Alisema bila chuki, dada, kama mtu anayesoma kipimo cha damu. Njiani wifi alinishika mkono, kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Mimi nilikuwa nimekwenda kutafuta jina langu. Nimepewa jina, lakini siyo lile nililoliacha.

Tangu siku hiyo sijashona. Wateja wawili waliokuwa wameniachia vitambaa wamekuja kuvichukua vikiwa vizima. Mmoja kasema amepata safari, mwingine kasema mtoto anaumwa, kana kwamba mtoto akiumwa ndiye atakayekivaa kitambaa kisichoshonwa. Niliwafungia vizuri, nikawasindikiza mpaka getini. Nimefagia chumba hiki mara tatu leo. Mume wangu bado anaitia mafuta cherehani kila asubuhi, isiyofanya kazi, tone moja hapa, tone moja pale, na hilo ndilo linalonivunja zaidi. Angenilaumu ningepata la kujibu. Nampenda mpaka natamani kuwa na mtu wa kugombana naye.

Sasa nije kwenye mikate yako. Nimefikiri sana, na sina maneno ya wasomi. Shemeji anakwambia usubiri jiko la maana. Najua anakutakia mema, hata wangu alinitakia mema. Lakini dada, jiko lako linaunguza kushoto na wewe unajua linaunguza kushoto. Unahesabu mpaka mia mbili, unageuza trei, unahesabu tena. Nimekuona ukifanya hivyo huku unamsuka mtoto nywele na kumgombeza mwingine, na mkate unatoka umeiva pande zote. Hiyo mia mbili hakuna aliyekufundisha. Jiko bovu ndilo lililokufundisha. Ukifunga leo ukae kungoja jiko zuri, litakapokuja litakukuta mikono imesahau kila kitu, na mambo ya jiko zuri hujayajua bado.

Kwa hiyo usifunge. Gunia la unga lisogeze pembeni, na pale panapovuja weka sufuria. Wapangaji wa moshi wapelekee mkate mmoja mmoja wa moto, tuone nani atalalamika mdomo umejaa. Ukishindwa kuoka kila siku, oka mara mbili kwa wiki, lakini watu wajue ni siku zipi, na siku hizo wasikukose.

Na Mungu akijalia ukapata hilo jiko jipya, nakusihi kwa yaliyonipata mimi, usilishangilie na kulijaza trei siku ya kwanza. Oka mkate mmoja. Ukate, muule wewe na shemeji, muutazame chini na juu. Mkono wako utataka kuugeuza ukifika mia mbili, nawe utakuwa hujui kama umegeuza. Mimi nilikuwa sijui kama nimetoa. Hakuna aliyeniambia kwamba kitu kizuri nacho kina kujifunza kwake.

Sijui kama haya yanakutia moyo au yanakuongezea mzigo. Natamani ningekuandikia nikiwa nimeshinda, ukasoma kwa sauti mbele ya shemeji. Lakini ningengoja siku hiyo, nawe ungekuwa umeshafunga.

Nisalimie Mama Mkubwa, umwambie yale mashuka aliyotupa ndiyo tunayolalia na bado yananukia kabati lake. Nisalimie binamu yetu Mchungu, umwulize kama ameshapata mke wa kumtia sukari. Wabusu watoto, hasa yule kitinda mimba aliyelala harusi nzima chini ya meza ya keki. Wifi anakusalimu, mume wangu anakusalimu, anasema saa ya ukutani uliyosema inachelewa uilete mwenyewe ukija, asije akakutengenezea ikakuharibia maisha. Mungu awape afya, unga mkavu na usingizi mzito.

Dada, kuna jambo sijakwambia. Leo asubuhi mwalimu mmoja aliyehamia chumba cha mbele amegonga mlango na kitambaa cha maua madogo, anataka gauni la kuvaa Jumatatu. Hajasikia habari zangu, au amesikia na hajali, sikuthubutu kumwuliza. Nimempima. Nikampima tena. Nikamwita wifi asome kwa sauti, naye akasoma ile ile niliyosoma. Nimeiandika kwenye daftari kwa tarakimu na kwa maneno. Kitambaa kimetandazwa mezani tangu saa tatu, chaki nimeshachora, mkasi uko juu yake. Imefika saa tisa sasa, na barua hii nimeiandika upande wa meza uliobaki, nikiirefusha kila ilipotaka kuisha. Unajua kwa nini. Nikishaandika jina langu hapa chini sitakuwa na kisingizio kingine.

Mdogo wako akupendaye na mikono yote miwili,

Sindano